Breki Hazipakwi Grisi

Baba yangu alitengeneza lifti maisha yake yote ya kazi, na anaishi ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti. Kila anayemfahamu amekwisha kumtania kwa hilo, na jibu lake ni lile lile: ukishinda jikoni kwa watu, nyumbani unakula mkate mkavu. Kazini walimwita Mzee Lifti hata kabla hajawa mzee, na jina likamganda.

Mwaka jana aliteleza bafuni akavunjika mfupa wa paja. Wapasuaji waliuunga kwa kipande cha chuma na skrubu, na baba akaomba aonyeshwe picha ya eksirei ili aikague kazi yao. Alisema skrubu ya pili kutoka chini imekaa upande. Daktari akamwambia iko sawa.

"Sawa kwa mfupa," baba akasema. "Kwa lifti ningekufukuza kazi."

Kutoka hospitali alipelekwa kwa dada yangu, kwa sababu nyumba yake iko chini na haina kipandio ila daraja moja la mlango wa jikoni. Dada ni mfamasia mwenye duka lake. Chumba alichompa baba kilikuwa stoo: upande mmoja kitanda, upande wa pili maboksi ya sindano, pamba na nepi za watu wazima, yamepangwa hadi karibu na dari. Baba alilala akiyatazama. "Nimewekwa na bidhaa zinazonisubiri," alimwambia kila aliyekuja kumjulia hali.

Mama alikwisha kufariki, kwa hiyo uamuzi ulikuwa wetu watatu. Tulikubaliana hivi: baba atarudi kwake siku atakapopanda ngazi za jengo lake hadi mlangoni na kuzishuka, bila kushikwa na mtu. Mkataba wa nyumba ungekwisha mwisho wa mwaka. Kama hadi hapo hajaweza, tutamrudishia mwenye nyumba funguo zake, na baba atahamia kwa dada moja kwa moja. Wa kuamua kama ameweza hakuwa mimi wala dada. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuja nyumbani kumfanyisha kazi, kijana mpole mwenye viganja vipana, ambaye baba alimbatiza jina la Sajenti tangu siku ya kwanza.

Baba alitia sahihi kwa kichwa tu. Lakini nilimjua. Kule juu kuna dirisha lake, meza yake yenye jiliwa ya kubania vyuma, na jirani wa mlango wa pili ambaye wamecheza naye drafti jioni kwa muda mrefu kiasi kwamba hakuna anayekumbuka nani anaongoza. Kwa dada alikuwa na kila kitu isipokuwa kazi ya kufanya. "Mgeni siku mbili," alisema, "ya tatu mpe jembe. Mimi hata jembe nimenyimwa."

Kuhusu mimi. Ninafanya kazi katika maabara inayochunguza uzee. Wanyama wetu ni minyoo yenye urefu wa milimita moja, inayoishi kwenye visahani na kula bakteria. Huzaliwa, huzaa, huzeeka na kufa ndani ya wiki tatu hivi, jambo linalomfaa mtu mwenye fedha za utafiti za muda mfupi. Kujua kama mnyoo umekufa, unaugusa kwa waya mwembamba. Usipojikunja, umekufa. Watu wakimuuliza baba binti yake mdogo anafanya nini, husema, "Anachokonoa minyoo aone kama iko hai." Ni maelezo sahihi.

Wiki za mwanzo mazoezi yalienda vizuri. Baba aliacha fremu ya kutembelea akashika fimbo. Alikaa kitini na kusimama bila mikono. Kisha Sajenti akaleta stuli pana ya mbao, fupi, kimo cha ngazi moja, na kumwambia apande na kushuka, apande na kushuka, mguu mzima kwanza, kisha ule uliovunjika. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Baba hakuwa mvivu. Alitoka jasho hadi fulana ikashika mgongoni. Lakini kazi iliyomshinda mwanzo wa mwezi ilimshinda mwisho wa mwezi pale pale.

"Mzee anafanya kila ninachomwambia," Sajenti aliniambia mlangoni, akivaa viatu. "Mwili ndio haujibu. Kwa umri wake nilitegemea polepole. Sikutegemea hakuna."

Jumamosi moja asubuhi nilikuwepo wakati wa mazoezi. Baba alikunja mikono ya shati, na Sajenti akaushika mkono wake akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kutoka kiwiko hadi kiganja kulikuwa na madoa ya damu iliyovilia, mengine mekundu, mengine yamekwisha kugeuka rangi ya zambarau.

"Hii ni nini, mzee? Umepigana?"

"Na kiti chako."

"Kiti hakijawahi kumfanya mtu hivi."

Dada alikuja kutoka jikoni na taulo begani. Alitazama yale madoa kwa jicho la kazi. "Anakunywa aspirini kila siku, daktari ndiye aliyeandika," alisema. "Aspirini inaweza kuleta hayo. Lakini si kwa wingi huu."

"Na nini kingine?" nikauliza.

"Vitamini tu. C na E, za kumsaidia. Moja moja kila asubuhi."

Baba akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha mgonjwa.

"Moja moja zako," alisema.

Dada aligeuka taratibu. "Zangu? Kuna za nani tena?"

"Zangu. Sikuficha. Hamkuuliza."

Akajiinua kwa fimbo, akaenda kwenye kona, akarudi na kisanduku chake cha vipuri, kile cha plastiki chenye vyumba vidogo vidogo ambacho alikuwa akienda nacho kazini. Katika chumba cha kwanza kulikuwa na nati. Cha pili, washa, vile vipete vinavyowekwa chini ya nati. Cha tatu, vidonge vya njano vinavyong'aa kama matone ya asali. Cha nne, vidonge vyeupe vinene. Cha tano, vya rangi ya machungwa ambavyo hata dada alilazimika kuvinusa. Baba alikuwa amemtuma mtoto wa jirani, akamtuma muuza magazeti, na mara moja akamtuma Sajenti mwenyewe, kila mmoja duka tofauti.

"Mimi?" Sajenti akasema. "Mzee, uliniambia ni za mjukuu!"

"Mjukuu anakua. Hahitaji."

"Baba," dada akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Unameza ngapi kwa siku?"

"Zako asubuhi. Zangu mchana, na zangu jioni. Haba na haba hujaza kibaba. Wewe mwenyewe ulisema ni dawa ya kutu."

Hapa lazima nieleze, kwa sababu kosa hili lisingeweza kutokea katika familia nyingine. Dada anapowaelezea wateja wake antioksidanti, yaani vidonge kama hivyo vya C na E, hutumia neno kutu. Mwili unavuta oksijeni, oksijeni inautia kutu, kidonge kinazuia kutu. Mwalimu wa shule akiambiwa hivyo, huitikia kwa kichwa, hununua kichupa kimoja na kukisahau kabatini. Lakini dada alimwambia mtu ambaye alipigana na kutu kwenye mashimo ya lifti tangu ujana wake, ambaye anajua kwamba tabaka moja la grisi halitoshi mahali penye unyevu, na kwamba fundi anayepaka tabaka la pili bila kuambiwa ndiye fundi wa kweli. Baba hakuasi maagizo. Aliyatekeleza kwa bidii ya kitaaluma.

Dada alichukua kile kisanduku akaenda nacho jikoni. Nikamfuata.

"Usianze," alisema kabla sijafungua mdomo.

"Sijasema neno."

"Uso wako umesema. E kwa wingi huo, juu ya aspirini, damu inakuwa nyepesi. Najua. Nawaambia watu kila siku. Leo leo anaacha, na Jumatatu anapimwa damu." Alimwaga vidonge kwenye mfuko wa karatasi. "Hilo ni langu na nimelikubali. Haya, sema lako."

Nikamwambia langu. Habari ya kutu si uongo. Seli inapochoma chakula kwa oksijeni, sehemu ndogo ya oksijeni hiyo hutoroka ikiwa molekuli korofi, zinazonyang'anya elektroni kwa chochote kilicho jirani: mafuta, protini, hata DNA. Uharibifu huo ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa na kuzeeka. Antioksidanti humpa mkorofi elektroni kwa hiari na ugomvi ukaisha. Kutokana na hayo wengi walihitimisha kwamba ukimeza antioksidanti nyingi utazeeka polepole. Lilikuwa hitimisho zuri. Majaribio makubwa kwa watu hayakulithibitisha, na katika baadhi yake waliomeza dozi kubwa walipata madhara. Sababu mojawapo ni kwamba molekuli hizo korofi ni wajumbe pia. Msuli unaofanya kazi ngumu huzitoa kwa wingi, na ni kwa kuzisikia ndipo msuli unajua kwamba umezidiwa na unapaswa kujijenga. Minyoo yetu ikipewa msukosuko kidogo wa aina hiyo huishi zaidi kuliko ile iliyoachwa ikae raha mustarehe. Ukiipa msukosuko pamoja na antioksidanti, faida inatoweka.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemkwamisha," dada akasema.

"Sijui. Tafiti za watu hazikubaliani zote. Na mtu mmoja si jaribio."

"Ndilo jibu lako la siku zote. Sijui. Mteja akija dukani siwezi kumfungia sijui kwenye karatasi, mdogo wangu."

"Ungeweza. Haina madhara."

Alicheka bila kupenda, akafungua bomba la maji, akalifunga. Kisha akasema jambo ambalo ndilo lilikuwa kiini cha maneno yote. "Akirudi kule juu akaanguka, nani atamsikia? Wewe uko na minyoo. Mimi niko dukani. Nilitaka vidonge vimshike hivi hivi alivyo. Asipungue tena. Kama ni lazima akae kwangu, akae kwangu."

"Yeye hataki kukaa kwako."

"Najua hataki. Mimi si kiziwi."

Nilichukua mfuko wa vidonge nikautia kwenye mkoba wangu, nao hadi leo uko kwenye droo ya maabara.

Kulikuwa bado na baba mwenyewe. Dada angeweza kumkataza, lakini mtu anayetuma wajumbe watatu kwenye maduka matatu hakatazwi, hushawishiwa. Nilimkuta uani mchana. Geti la dada lilikuwa likilia kila likifunguliwa, na baba alikuwa ameketi mbele yake akitia mafuta bawabani kwa kikopo chenye mdomo mrefu, tone kwa tone, akifuta lililozidi kwa kitambaa.

"Baba, kwenye lifti grisi mnapaka kila mahali?"

"Kila mahali panapostahili. Reli, kapi, beringi, kamba za chuma."

"Na breki?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukania wazazi. "Nani amekufundisha hayo? Breki haipakwi hata tone. Ukiipaka, lifti inafika ghorofa yake inashindwa kushika. Kuna mjinga mmoja alifanya hivyo, aliona pedi zinalia, akazihurumia akazipaka."

"Ikawaje?"

"Tukamtoa kwenye shimo akiwa mzima, kwa bahati. Sura yake tu ndiyo haikurudi tena kama zamani."

"Lakini zinasuguana, baba. Zinalika."

"Ndiyo kazi yake! Isiposugua itashikaje? Inalika, unaiangalia, unaipa pedi mpya, inakuwa kama kwanza. Wewe msomi mzima..."

"Basi mguu wako ukipanda stuli ya Sajenti unasugua. Ndani ya msuli kuna moto kidogo, na kwa moto huo mwili unajua pa kuweka pedi mpya. Vidonge vinauzima moto kabla mwili haujauona."

Baba alimaliza bawaba ya juu, akaja ya chini, akafungua geti na kulifunga, nalo halikulia. Mfano si ushahidi. Ningemwona mwanafunzi wangu akiandika vile kwenye ripoti ningemkatia mstari mwekundu. Lakini kutu nayo ilikuwa mfano tu, na mfano uliomwingia kwa mlango huo ulipaswa kutolewa kwa mlango huo huo.

"Kumbe mmekuwa mkinipaka grisi kwenye breki," alisema mwishowe.

"Tabaka la pili na la tatu ulipaka mwenyewe."

"Fundi hupaka anachopewa." Akafunga kikopo chake. "Dawa ya moto ni moto, walisema wazee, na hawakuwa na hata mnyoo mmoja. Mwambie Sajenti aje na stuli ndefu zaidi."

Akaacha vidonge vyote siku hiyo, isipokuwa vile vya daktari. Vipimo vya damu vilitoka vizuri. Badala ya vichupa, dada alianza kumwekea matunda na mboga za majani mezani, kwa wingi uliomfanya baba aulize kama nyumba imeanza kufuga mbuzi. Madoa ya mikononi yakawa ya njano, yakafifia, yakaisha. Na mguu ukaanza kujibu. Kwanza alipanda stuli bila kushika ukuta. Kisha akapanda akiwa amebeba chupa ya maji kila mkono. Sajenti alileta stuli ndefu, na baba akaitengeneza mguu uliokuwa ukicheza kabla ya kukubali kuikanyaga.

Je, ni kwa sababu ya kuacha vidonge? Katika muda huo huo Sajenti aliongeza uzito, mfupa ulizidi kukomaa, baba alianza kula nyama zaidi, na alikuwa na hasira ya kurudi kwake, ambayo hakuna aliyewahi kuipima kwa miligramu. Mambo matano yalibadilika kwa pamoja. Kwenye maabara jaribio kama hilo lingetupwa kwenye pipa. Nilimwambia dada hivyo, ili asibebe lawama ambayo haijathibitishwa, na ili mimi nisibebe sifa.

"Basi wewe nawe kubali tu kwamba umefurahi," alisema.

Nilikubali. Hilo lilikuwa na ushahidi.

Siku ya mtihani ilikuwa asubuhi ya mawingu, wiki chache kabla mkataba haujaisha. Sajenti alitangulia, baba katikati, dada na mimi nyuma. Ngazi za jengo lile ni za saruji, zimelika katikati kwa nyayo za watu, na chuma cha kushikia kimepakwa rangi ya kijani mara nyingi hadi kimekuwa kinene. Baba alipanda kwa mdundo mmoja: fimbo, mguu mzima, mguu wa skrubu. Alipumzika kwenye kila kituo, kama sheria ilivyoruhusu, na kila akipumzika alitukuta tukihema kuliko yeye.

"Mfamasia," alisema kwenye ghorofa ya tatu, dada akiwa ameshika kiuno. "Una kutu."

"Baba, nyamaza upande."

Akapanda. Mlangoni kwake hakuingia. Alijua sheria. Aligeuka, akashuka zote, na kushuka ndiko kugumu, kwa sababu mguu unapaswa kuuzuia mwili usianguke. Dada na mimi tulibaki juu, tukawasikia yeye na Sajenti wakienda chini, fimbo ikigonga, kisha kimya, kisha sauti ya Sajenti kutoka chini kabisa: "Amepita!" Kisha wakapanda tena, polepole zaidi, na mara hii baba alitoa funguo mfukoni mwenyewe.

Tulifungua madirisha. Nikafagia, Sajenti akafunga chuma cha kushikia bafuni, dada akatandika kitanda, akapanga jokofu, akapanga tena. Jirani wa mlango wa pili alikuja na ubao wa drafti kwapani, akasimama mlangoni akisubiri tuondoke, bila hata kujisingizia kwamba amekuja kwa jambo lingine.

"Nitalala hapa leo," dada akasema. "Kwenye kochi."

"Hulali hapa," baba akasema. "Una mume, una watoto, una duka. Nimekaa kwako nikapona, mama. Ahsante. Sasa nendeni."

Alimwita mama mara chache sana, na dada hakuweza kubishana na neno hilo. Tukashuka.

Chini tuliagana na Sajenti kwa mazungumzo marefu, na tulipokuwa tukiingia kwenye gari tuliona mto wa baba umebaki kwenye kiti cha nyuma, ule mwembamba ambao hawezi kulala bila huo. Dada aliuchukua upesi, na nikaona usoni mwake kwamba amepata sababu. Alikuwa ameshafika mlangoni pa jengo baba alipotokea, akishuka daraja la mwisho kwa uangalifu, mkono mmoja kwenye fimbo.

"Mmeniachia kichwa hewani," alisema, akanyoosha mkono.

"Ningekuletea, baba."

"Najua ungeniletea."

Dada alisimama na ule mto kifuani. Nilidhani atampita apande nao. Badala yake aliupigapiga kidogo, kama watu wanavyofanya na mto kabla ya kumpa mgonjwa, kisha akampa. Baba aliubana kwapani, akageuka, akaanza kupanda.

Dada hakumfuata. Tulisimama mlangoni tukimsikiliza: fimbo, mguu, mguu. Alipumzika kwenye kituo cha kwanza. Akaendelea. Sauti ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi, hadi tukasikia juu kabisa mlango ukifunguka, na sauti ya jirani ikimuuliza alikuwa wapi muda wote huo.

"Twende," dada akasema. "Nina wateja."